Taa za LED kwa Pikipiki: Mwanga Usigeuke Upofu

Wenye vyombo vya maringi mawili wanakumbushwa kwamba kubadilisha balbu ya taa ya mbele na kutia ya LED si suala la ung'avu peke yake.

Balbu ya halojeni katika pikipiki nyingi ndogo hutumia wati 35, na sehemu kubwa ya umeme huo hupotea kwa joto. LED hutoa mwanga wa kiasi hicho kwa umeme mdogo zaidi. Faida hiyo haina shaka.

Hata hivyo, inafaa ifahamike kuwa bakuli la taa limeundwa kwa kufuata mahali hasa unapokaa uzi unaowaka ndani ya balbu ya asili. LED isiyokaa mahali hapo hutawanya mwanga juu, ukamwingia machoni anayekuja mbele. Aliyepofushwa, japo kwa sekunde chache, hamwoni mtembea kwa miguu wala baiskeli isiyo na taa. Aidha, taa kamili iliyotengenezwa kwa nchi ziendeshazo kulia huinua mwanga upande wa kulia, ambako kwetu ndiko watokako wenzetu.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia taa mpya, simamisha chombo usiku mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umekipanda, na uwashe mwanga wa chini. Ukingo wa juu wa mwanga uonekane wazi, nao uwe chini ya kimo cha taa. Ukitawanyika, rejesha balbu ya asili, au nunua taa kamili iliyoundwa kwa LED na kwa uendeshaji wa kushoto.

Tahadhari kabla ya hatari.