Kwa nini Kiingereza huwalemea wanafunzi wa kidato cha kwanza?

Mtoto wa Mtera, mkoani Dodoma, anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani huenda anazungumza Kigogo. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Asipoelewa swali la baiolojia hukosa alama, hata kama jibu analijua.

Je, fasihi inasaidiaje? Tuchukue tamthilia ya Wole Soyinka wa Nigeria, The Lion and the Jewel, ambayo imesomwa sana katika sekondari zetu. Mwalimu Lakunle anataka kumwoa Sidi bila kulipa mahari, Sidi anakataa. Ugogoni, ambako mahari ni ng'ombe, mjadala huo hauhitaji kamusi. Wanafunzi wakibishana kwanza kwa Kiswahili, kisha wakaigiza onyesho hilo kwa Kiingereza, maneno mapya hukuta maana imeshatangulia. Kukariri muhtasari hakuwapi nafasi hiyo.

Lugha hizi mbili si maadui. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi yake. Jioni mwombe mwanao akusimulie kwa Kiswahili kitabu anachosoma. Akishindwa kukisimulia, tatizo si sarufi tu: hadithi yenyewe bado hajaielewa, na mwalimu wake anapaswa kujua mapema.