Fahamu: Kwa nini runinga haionyeshi picha ya kompyuta

HDMI ni nini?
Ni waya mmoja uchukuao picha na sauti kwa pamoja, ambao kanuni zake za awali zilitolewa mwaka 2002. Na mtu auchomekapo baina ya kompyuta na runinga kisha kioo kikabaki cheusi, aghalabu ila haimo katika vyombo vyenyewe, bali katika maafikiano yao.

Sababu zake
Runinga huiarifu kompyuta vipimo vya picha iwezavyo kuvipokea, na habari hiyo isipofika sawasawa, hapana kitakachoonekana. Tundu la USB-C nalo, litumiwapo badala ya la HDMI, ijapokuwa waya huingia barabara, si lazima liwe na uwezo wa kupeleka picha, jambo liwaghilibulo wengi. Filamu za kulipia, zilindwazo kwa kinga dhidi ya kunakiliwa iitwayo HDCP, huweza kufichika ilhali mengine yote yaonekana.

La kufanya
Kwanza hakikisha runinga imeelekezwa kwenye tundu lile lile lenye waya, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kisha, katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kurudufu picha. Ikishindikana, punguza vipimo hadi 1920 kwa 1080, au jaribu waya mwingine kabla ya kumwita fundi.