Namba ya siri mezani kwa wakala

Mkata mkonge wa Ngombezi au Magunga, wilayani Korogwe, anaishi kwa vidole vyake. Jani la mkonge lina mwiba mkali nchani, utomvu wake unawasha, na kisu kinaacha sugu kiganjani. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya Januari 20, 2020, mashine ilitaka kidole ambacho mistari yake bado inasomeka. Kote duniani inajulikana kwamba vidole vya wazee na vya watu wa kazi za mikono ndivyo vinavyogoma zaidi kusomeka.

Usanifu wa matumizi ni taaluma ya kumchunguza mtumiaji kabla chombo hakijamfikia: anakishikaje, anasoma nini kwanza, anakosea wapi. Ikirukwa hatua hiyo, gharama analipa mtumiaji, kama mkata mkonge huyu.

Chukua pesa za simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na hadi leo mwenye kitochi anabonyeza *150*00# bila kuhitaji intaneti. Huo ni usanifu bora kabisa kwa vijiji vya Handeni. Lakini njia hiyo hubeba herufi zisizozidi 182 kwa ukurasa mmoja, na muda wake ni mfupi. Ukichelewa, menyu inakatika na unaanza upya. Sasa mfikirie mama wa mji wa Mkata, huko Handeni, anayesoma polepole, jua linawaka juu ya kioo, na watu wamepanga foleni nyuma yake. Anampa wakala simu. Kisha anamtajia namba ya siri.

Kila siku tunawaonya watu wasitaje namba hiyo, na onyo ni sahihi. Ila ninakataa kumlaumu huyu mama. Menyu inayomkatikia njiani ndiyo iliyomfikisha hapo, na ndiyo inayompa mwizi nafasi.

Kuna pia walio na laini bila simu. Mtu kama huyo anachomeka laini yake kwenye simu ya jirani, anapokea hela, anaondoka. Ujumbe wenye salio lake unaweza kubaki kwenye simu ya mwenzake. Mfumo ulidhani kila simu ina mtu mmoja.

Yapo yaliyofanywa vizuri. Jina la mpokeaji kutokea kabla ya kuthibitisha muamala limewaokoa wengi, hasa katika nchi iliyochoshwa na matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa nayo ina tarakimu 20, sawa na tokeni ya umeme ya LUKU, lakini nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa na zilizobaki zimegawanywa kwa vistari. Mtu anainakili kwa mafungu bila kupotea. Tokeni ikitumwa kama mkufu mmoja wa tarakimu, macho yanapotea katikati na umeme hauingii.

Ninyi mnaotengeneza mifumo hii Dar es Salaam, kabla hamjaizindua pandeni basi mpaka Mkata, kisha Mombo siku ya gulio. Kaeni kando ya wakala, mtazame bila kusaidia. Kila mteja anayemkabidhi mwingine simu amewaonyesha ukurasa wa kubadilisha. Ubadilisheni kwanza, ndipo mzindue.