Vichezeo vya watu wazima: Biashara iliyozaliwa wakulima walipokosa bei

WATU wengi wakisikia neno vichezeo humfikiria mtoto. Lakini roketi ya Saturn V, iliyotolewa na kampuni ya Lego ya Denmark mwaka 2017, iliwalenga zaidi wakubwa. Ina vipande 1,969, idadi inayokumbusha mwaka ambao binadamu alitua mwezini kwa mara ya kwanza, na ikikamilika husimama urefu wa mita moja.

Mnunuzi wake ni mhandisi, mwalimu wa fizikia au karani wa benki anayependa mambo ya sayansi. Huiunganisha kwa jioni kadhaa, kisha huiweka juu ya meza ya ofisini au sebuleni. Nchini Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 119.99, yaani takriban senti 6 kwa kila kipande.

Miaka minne baadaye kampuni hiyo ilitoa mfano wa meli ya Titanic wenye vipande 9,090 kwa dola 629.99. Hapo kila kipande kilifika karibu senti 7.

Vipande vingi ni plastiki isiyofika gramu tatu. Kwa mfanyabiashara, swali ni jinsi mtu mzima anavyokubali kutoa fedha nyingi kiasi hicho kwa plastiki ambayo lazima aiunganishe mwenyewe. Jibu linaanzia katika kijiji cha wakulima.

Bei ya mazao yaanguka

Ole Kirk Christiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, magharibi mwa Denmark. Alinunua karakana yake mwaka 1916 na wateja wake wakubwa walikuwa wakulima wa jirani, waliohitaji nyumba, milango, ngazi na samani.

Wakulima wa Denmark waliishi kwa kuuza siagi na nyama ya nguruwe nje, hasa Uingereza. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza mwishoni mwa 1929, bei zilishuka. Mwaka 1932 Uingereza na makoloni yake walikubaliana mjini Ottawa kupeana upendeleo wa kibiashara, na Denmark ikabaki nje. Mwezi Januari 1933 serikali yake ililazimika kushusha thamani ya kroni ili kuwanusuru wakulima.

Mkulima asipopata bei, fundi anayemtegemea hukosa kazi. Christiansen alipunguza wafanyakazi na kuanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao: ngazi fupi, meza za kupigia pasi, na magari ya kuchezea watoto. Mwaka huohuo wa 1932 mkewe alifariki na kumwachia watoto wanne wa kiume.

Mnunuzi wa jumla aliyeagiza mzigo wa vichezeo kwa ajili ya Krismasi alifilisika kabla ya kuuchukua. Seremala huyo alipita mwenyewe akiuuza, na baadhi ya wateja walimlipa kwa chakula badala ya fedha. Ndugu zake walipomdhamini mkopo, walimuuliza kama hakuweza kupata kazi yenye maana zaidi.

Katika kipindi hicho yoyo zilivuma na karakana ikazitengeneza kwa wingi. Uvumi ulipokwisha, mzigo ulibaki stoo. Christiansen hakuutupa. Alizikata yoyo katikati, na kila nusu ikawa gurudumu la lori la mbao. Jina Lego lilitokana na maneno ya Kidenmark "leg godt", yaani cheza vizuri.

Kalibu moja, bidhaa nyingi

Mwaka 1946 Christiansen aliagiza mashine ya kumimina plastiki kwa kroni 30,000, fedha nyingi kwa karakana ya kijijini. Mwaka 1949 alianza kutoa tofali ndogo za plastiki, akifuata wazo la tofali za Kiddicraft zilizokwisha kutengenezwa na Mwingereza Hilary Fisher Page.

Tofali hizo za kwanza zilikuwa tupu kwa ndani na hazikushikana vizuri. Mtoto akiinua nyumba aliyoijenga, iliporomoka. Mwaka 1954 mtoto wa Christiansen, Godtfred, akiwa safarini kwenda Uingereza, alizungumza na mnunuzi wa duka kubwa aliyelalamika kuwa vichezeo vya wakati huo havikuwa na mpangilio unaoviunganisha kimoja na kingine. Godtfred alichukua lalamiko hilo kama agizo la kazi.

Januari 28, 1958, kampuni iliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani yake. Mirija hiyo hubana vichwa vya tofali la chini, na ndiyo inayofanya kitu kilichojengwa kisimame bila gundi. Tofali la mwaka huo bado linaingiana na linalotengenezwa leo.

Uchumi wa tofali hilo uko kwenye kalibu. Kalibu ya chuma ni ghali kwa sababu lazima ichongwe kwa usahihi wa elfu chache za milimita. Lakini ikishapatikana, hutoa vipande kwa mamilioni na kila kipande hugharimu kidogo sana. Kadiri umbo moja linavyotumika katika bidhaa nyingi, ndivyo gharama ya kalibu inavyogawanyika.

Na umbo moja hutosha kwa mengi. Mtaalamu wa hisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alikokotoa kuwa tofali sita za rangi moja, kila moja ikiwa na vichwa nane, zinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765.

Aina nyingi, hasara kubwa

Kampuni ilisahau hesabu hiyo miaka ya 1990. Ilipoona watoto wanahamia kwenye michezo ya kompyuta, ilijiingiza katika nguo, saa, michezo ya video na bustani za burudani. Wabunifu wake nao waliruhusiwa kuongeza maumbo mapya hadi aina za vipande zikakaribia 13,000.

Kila aina ilidai kalibu yake, sehemu yake ghalani na hesabu yake. Vipande vingi viliingia katika bidhaa moja tu, na bidhaa hiyo isipouzika, kalibu yote ilikuwa hasara.

Mwaka 2003 mauzo yalishuka kwa takriban robo. Mwaka 2004 hasara ilifika karibu kroni bilioni 1.9, na kulikuwa na mazungumzo ya wazi kuhusu kuuza kampuni.

Oktoba 2004 Jørgen Vig Knudstorp, aliyekuwa na umri wa miaka 35, alikabidhiwa uongozi. Alitaka kujua kila bidhaa inaingiza nini na inagharimu nini, hesabu ambayo haikuwa wazi. Aina za vipande zilipunguzwa hadi karibu 7,000 na mwaka 2005 sehemu kubwa ya umiliki wa bustani za Legoland iliuzwa.

Mteja ambaye hakuhesabiwa

Katika kupanga upya biashara, kampuni ilianza kumtazama mteja ambaye haikuwa imemjali sana: mtu mzima.

Dalili zake zilionekana mwaka 1998, ilipotoa roboti za Mindstorms, zilizotokana na ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani. Jina hilo lilitoka katika kitabu cha mwaka 1980 cha Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Roboti zilikusudiwa watoto, lakini wakubwa wengi walizinunua, na baadhi yao walifungua programu yake na kuandika ya kwao.

Kampuni ingeweza kuwashtaki. Badala yake iliruhusu jambo hilo, na ilipotengeneza toleo la 2006 iliwaita wapenzi wanne wa roboti hizo kushauri tangu hatua za awali. Mindstorms iliuzwa hadi ilipositishwa mwishoni mwa 2022.

Mwaka 2008 ulifuata mfululizo wa majengo maarufu, uliotokana na kazi ya Adam Reed Tucker, msanifu majengo wa Chicago. Ulianza na mnara wa Sears wa mji huo. Vipande vilikuwa vilevile vya vichezeo vya watoto. Kilichobadilika ni boksi la heshima, kitabu cha historia ya jengo na mahali pa kuuzia. Mtalii aliyenunua alilinganisha bei na zawadi nyingine za safari, si na kichezeo cha mtoto.

Kisha kampuni ikaweka utaratibu ambao mtu yeyote anaweza kupendekeza mfano. Wazo likipata waungaji mkono 10,000 hujadiliwa, na likikubaliwa mwenye wazo hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Kwa njia hiyo mhandisi Stephen Pakbaz, aliyeshiriki kutengeneza gari la utafiti la Curiosity lililotumwa sayari ya Mars, alipata mfano wa gari hilo ukiuzwa madukani mwaka 2014. Saturn V nayo ilianza kama pendekezo la wapenzi.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba soko linapimwa kabla ya gharama kuingia. Mwaka 2020 kampuni ilianza kuandika 18+ kwenye maboksi ya wakubwa. Mauzo ya mwaka 2024 yalifika kroni bilioni 74.3.

Hata hivyo, njia haikuwa tambarare. Mwaka 2017 mauzo yalishuka na nafasi 1,400 za kazi zikapunguzwa. Hataza ya tofali nayo ilikwisha muda, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa umbo la tofali lisajiliwe kuwa alama ya biashara. Leo mshindani anaweza kutoa tofali linaloingiana na la Lego, ili mradi asitumie jina lake.

Mbao zarudi

Stoo ya vichezeo vya mbao ya Billund iliungua mwaka 1960 na kampuni ikaacha kabisa mbao. Lakini mbao zimerudi sokoni kwa mlango mwingine.

Kampuni ya UGEARS ya Kyiv, Ukraine, ilianza kwa kukusanya fedha za wateja kupitia Kickstarter mwaka 2015. Huuza mbao za plaiwudi zilizokatwa kwa mashine ya leza. Mnunuzi hubandua vipande, huviunganisha bila gundi na kupata treni, saa au sanduku lenye magurudumu ya meno yanayozunguka kwa nguvu ya mpira.

Hapa hesabu ni tofauti. Leza haihitaji kalibu, hivyo umbo jipya hugharimu mchoro na ubao wa majaribio. Kila kipande huchukua muda mrefu kuliko plastiki, lakini mtaji wa kuanzia ni mdogo na bidhaa isiyouzika huachwa bila hasara kubwa.

Seremala au mchongaji anayefikiria bidhaa za aina hii anapaswa kutenganisha gharama hizo mbili: ile inayolipwa mara moja kabla ya kuuza chochote, na ile inayoongezeka kwa kila kipande. Soko lisilojulikana huingiwa kwa gharama ndogo ya mwanzo, kisha mashine kubwa hufuata oda zikishaonekana.

Mwenye duka la pembejeo au la rejareja ana funzo lake katika hasara ya 2004. Aina nyingi rafuni hufunga mtaji. Daftari linaloonyesha kila aina ilinunuliwa lini, imeuzwa mara ngapi na imebakiza faida gani, humwambia ipi aagize tena na ipi aimalize kwa bei ya kutupa.

Naye mkulima na wanaomuuzia wako katika mnyororo uleule wa Billund. Bei ya mazao ikianguka, fundi na mwenye duka huanguka pamoja naye, isipokuwa wawe na bidhaa ya pili inayonunuliwa na mtu ambaye kipato chake hakitegemei mavuno ya msimu huo.