Mechi ya Mtoano Hujadiliwa Kuanzia Nyuma

Wiki ya mechi kubwa, mji wa Singida hupanga kikosi kabla ya kocha. Kinapangwa kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vituo vya bodaboda, na kwenye foleni ya mashine za kukamulia alizeti. Mwishoni mwa Mei 2025, mavuno yakiendelea, swali lilikuwa moja: Singida Black Stars wataiweza vipi Simba kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB? Jibu lilipatikana Babati tarehe 31 ya mwezi huo. Singida walishinda 3-1, na Simba wakaaga mashindano.

Tangu siku hiyo ni vigumu kumwambia shabiki wa Singida kwamba mijadala yake ni porojo. Mimi pia siamini kuwa ni porojo. Mazungumzo ya kabla ya mechi ndiyo darasa kubwa la mpira tulilonalo, halina ada, na mlango wake uko wazi kwa kila mtu. Lakini darasa hilo lina kasoro moja inayorekebishika: karibu kila mara linaanzia kwa mshambuliaji. Nani acheze namba tisa, nani apige penalti, nani ana mguu. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba mechi ya mtoano inataka mjadala uanzie upande wa pili, yaani nyuma, na kwamba historia ya Singida yenyewe ndiyo inayotufundisha hivyo.

Tofauti ya ligi na mtoano

Ligi Kuu Bara ina timu 16, na kila timu hucheza mechi 30. Ukiteleza Jumamosi, unasahihisha wiki ijayo. Sare ya ugenini ni pointi, na kocha anaweza kuipokea kwa furaha. Kwenye mtoano hakuna wiki ijayo. Kosa la dakika moja linaweza kufuta kazi ya miezi minane, na timu bora ya msimu inaweza kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kona moja iliyokabwa vibaya.

Kwa hiyo swali la mashabiki linapaswa kubadilika. Kwenye ligi ni haki kuuliza, "Tutafungaje?" Kwenye mtoano kuna swali linalotangulia: "Matokeo yakibadilika, tutafanya nini?" Timu inaingia uwanjani na mpango mmoja wa 0-0. Bao likiingia, upande wowote, mpango ule umekufa na mwingine unahitajika papo hapo. Timu zinazofika mbali ni zile ambazo mpango wa pili ulikuwa umeshafanyiwa kazi mazoezini.

Rekodi inasema nini

Tuzitazame mechi za mtoano zilizotuumiza, chini ya majina mbalimbali ya klabu za Singida. Juni 2, 2018, Singida United ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Mtibwa Sugar kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikafungwa 3-2. Januari 2023, Singida Big Stars ilifungwa 2-1 na Mlandege kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar. Baadaye mwaka huohuo, Singida Fountain Gate iliifunga Future ya Misri 1-0 hapa nchini kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikaenda Misri ikapigwa 4-1. Na Juni 29, 2025, wiki chache baada ya shangwe za Babati, Singida Black Stars ilifungwa 2-0 na Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, Uwanja wa New Amaan, Zanzibar.

Hesabu mabao yetu kwenye vipigo hivyo vinne: mawili, moja, moja, sifuri. Mara tatu kati ya nne tulifunga. Fainali ya Arusha tulifunga mawili, na mabao mawili kwenye fainali hutosha mara nyingi kubeba kombe. Sasa hesabu tuliyoruhusu: matatu, mawili, manne, mawili. Hakuna hata mechi moja kati ya hizo tuliyofungwa bao moja tu.

Kisha linganisha na mechi za mtoano tulizovuka mwaka 2025. Dhidi ya Simba tuliruhusu bao moja. Septemba 15, 2025, kwenye fainali ya Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam, Al Hilal ya Sudan walipata moja, na mabao mawili ya Clatous Chama yakatosha kuleta kombe. Kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, Rayon Sports ya Rwanda hawakupata kitu Kigali, tukashinda 1-0, na Chamazi, Dar es Salaam, wakapata moja, tukashinda 2-1. Flambeau du Centre ya Burundi walipata moja kwao, ikawa 1-1, na moja kwenye marudiano tuliyoshinda 3-1. Mlango wa hatua ya makundi ukafunguka. Katika mechi hizo zote hakuna hata moja tuliyoruhusu mawili.

Mtu anaweza kusema hilo halina ajabu, kwa kuwa anayefungwa machache hushinda. Ni kweli, lakini angalia kilichobaki palepale. Bao moja au mawili ya kufunga tulikuwa nayo karibu kila mara, kwenye furaha na kwenye machozi. Kilichobadilika ni idadi ya mabao tuliyoruhusu. Kijiwe kinachotumia saa nzima kujadili mshambuliaji kinajadili kile ambacho mara nyingi hakikuwa tatizo letu.

Vizibo juu ya benchi

Kuna namna ya kujadili ambayo wazee wengi wa vijiweni wanaijua. Vizibo vya soda vinapangwa kwenye benchi, 11 huku na 11 kule. Kijana anakuja, anatazama, anauliza: "Mzee wangu, mbele umeacha mmoja peke yake, atafunga nani?" Mzee anashika kizibo cha beki wa kulia, anakisukuma hadi karibu na kona ya wapinzani. "Haya, amepanda, amepiga krosi, kipa wao ameidaka. Sasa niambie, mwanangu, huku alikotoka kuna nani?"

Swali la mzee ndilo moyo wa jambo. Beki wa pembeni akipanda, nyuma yake hubaki uwanja mtupu. Winga wa wapinzani anajua hilo na anausubiri mpira palepale. Timu ina njia tatu za kuuziba ule uwazi. Kiungo mkabaji, namba sita, anaweza kuteleza kwenda pembeni. Beki wa kati anaweza kutoka kumfuata winga na kumwachia mwenzake eneo la hatari. Au beki wa upande wa pili anabaki nyuma kila mwenzake anapopanda, ili mabeki wawe watatu wakati wote. Kila njia ina gharama. Namba sita akienda pembeni, katikati panabaki wazi kwa mpiga mashuti wa mbali. Beki wa kati akitoka, krosi inayokuja inamkuta mshambuliaji na beki mmoja. Beki wa pili akibaki, shambulizi lenu linakosa mtu upande ule.

Hapo ndipo mbinu ilipo. Kocha hachagui kati ya jema na baya, anachagua gharama ipi ataweza kuilipa mbele ya wapinzani wa siku hiyo. Shabiki anayeelewa hilo, hata akikasirika, hasira yake ina mahali pa kushika.

Maswali manne ya wiki ya mechi

La kwanza: wapinzani wanatoka wapi? Kabla ya Babati, Simba walikuwa wametoka kwenye mechi mbili za fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco: walifungwa 2-0 ugenini Mei 17, kisha wakatoka sare 1-1 Zanzibar Mei 25. Siku sita baadaye wakaja Babati kucheza nusu fainali nasi. Siwezi kusema ni uchovu peke yake uliowatoa, maana kufunga mabao matatu ni kazi ya wafungaji. Lakini timu inayotoka kwenye fainali ya Afrika ina miguu mizito na akili yenye simanzi, na kuichezesha kwa kasi tangu mwanzo ni hoja inayostahili kujadiliwa kabla ya kipyenga.

La pili: wanatujua kiasi gani? Fainali ya New Amaan ina somo lake. Kocha wa Yanga siku ile, Miloud Hamdi, alikuwa ameajiriwa na Singida Black Stars mwishoni mwa Desemba 2024, akaondoka kwenda Yanga Februari 2025. Aliwaona wachezaji wetu mazoezini kwa wiki kadhaa. Kocha wa namna hiyo anajua nani hapendi kukabwa kwa karibu na nani hupoteza mpira akilazimishwa kutumia mguu dhaifu. Ukikutana na mtu aliyekaa ndani ya nyumba yako, badilisha angalau jambo moja alilolizoea: mpigaji wa kona, upande wa kuanzia mashambulizi, au nafasi ya mchezaji mmoja muhimu.

La tatu: tukitangulia kufunga? Hili ndilo gumu kuliko yote, na mfano wake mzuri uko mbali na kwetu, kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani. Kule timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, na hatua ya mtoano huchezwa mechi moja moja hadi fainali yao, Super Bowl. Februari 5, 2017, jijini Houston, Atlanta Falcons waliongoza 28-3 katika robo ya tatu dhidi ya New England Patriots. Wapinzani wakapunguza hadi 28-20. Zikiwa zimebaki kama dakika nne, Falcons walikuwa kwenye yadi ya 22 ya wapinzani, mahali ambapo mpigaji wao angeweza kuutia mpira golini kwa mguu na kupata pointi tatu. Zingekuwa 31-20, pengo ambalo Patriots wasingeweza kulifuta kwa shambulizi moja. Badala ya kukimbia na mpira ili saa iende, walijaribu kurusha. Mrushaji wao akaangushwa nyuma, ikafuata adhabu, wakasukumwa mbali na goli hadi wakalazimika kuurudisha mpira. Patriots walisawazisha, na wakashinda 34-28 katika muda wa nyongeza.

Mashabiki wa Marekani wanaijadili mechi ile hadi leo kwa sababu inagusa kila mchezo wa mtoano. Aliyetangulia anamiliki saa. Kila uamuzi wake unapaswa kupimwa kwa swali moja: je, huu unamwongezea mpinzani nafasi za kurudi? Kwa mpira wetu, kutangulia hakuna maana ya watu 11 kurudi kwenye boksi, kwa kuwa hapo unamkaribisha apige krosi 20. Maana yake ni kuushika mpira mbali na goli lako, kupiga kona fupi, kumbakiza mchezaji mmoja mwenye mbio mbele ili mabeki wao wasipande wote. Tulipokwenda Misri na bao moja la akiba mwaka 2023, hesabu ilikuwa wazi: bao letu moja ugenini lingewalazimisha wafunge matatu. Bao tulilipata. Lakini wao walifunga manne.

La nne: dakika ya 60 nani yuko benchi? Mechi ya mtoano inaweza kufika dakika 120 na matuta. Kikosi cha kuanza ni nusu tu ya mpango. Kijiwe kinachotaja wachezaji 11 bila kutaja watatu wa kuingia, na sababu ya kila mmoja, hakijamaliza kupanga timu.

Kumbukumbu iko kwa nani

Kuna jambo la pekee kwa Singida linalofanya mijadala hii iwe na uzito kuliko mahali pengine. Klabu zetu zimebadilika mno. Singida United ilishuka daraja msimu wa 2019/20. Mwaka 2022, timu iliyopanda kwa jina la DTB ikawa Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikaelekea Manyara, na Ihefu, iliyotoka Mbarali mkoani Mbeya, ikawa Singida Black Stars. Makocha wamepita, wachezaji wamepita, viongozi wamepita. Hakuna benchi la ufundi lililobaki kutoka Arusha 2018 hadi New Amaan 2025.

Aliyekuwepo muda wote ni shabiki. Ndiye aliyeona 3-2 ya Mtibwa, akaona 4-1 ya Misri, akaona 3-1 ya Babati. Mechi za Afrika zenyewe amelazimika kuzifuata kwenye kibanda umiza, kwa kuwa Chamazi iko karibu kilomita 700 kutoka Uwanja wa Liti, Singida. Klabu kama Simba au Yanga hurithisha uzoefu wa mtoano kupitia taasisi yao. Kwetu uzoefu huo umehifadhiwa na watu wa vijiweni, na usipojadiliwa vizuri unapotea.

Ndiyo maana nasisitiza utaratibu wa mjadala. Wiki ya mechi ijayo ya mtoano, anza na nani anabaki nyuma beki akipanda. Nenda kwenye ratiba ya wapinzani, kisha kwenye mpango wa tukitangulia na tukitanguliwa, kisha benchi. Mshambuliaji mjadiliwe mwisho, akiwa na haki yake yote. Viongozi wa matawi wanaokutana na uongozi wa klabu wapeleke maswali hayo kwa heshima, na watangazaji wa redio za mkoani wawaulize makocha hayohayo hewani badala ya kuishia kwenye "mmejiandaaje?" Kocha anayejua kwamba mji mzima utamuuliza kuhusu uwazi nyuma ya beki wake wa kulia atakuwa amelitafutia jibu kabla hajaulizwa.