Tutofautishe Maneno, Tuokoe Mpunga

Lugha yetu imeupa mmea mmoja majina matatu: shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishapikwa ni wali. Ni ajabu, basi, kwamba lugha iliyo makini hivyo inatumiwa ovyo katika mjadala wa mbegu. Kila mbegu inayotajwa pamoja na neno "jeni" hushukiwa papo hapo kuwa ni GMO.

Kwa Kilifi, mkanganyiko huu una gharama. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, maeneo kame ya Kenya, Kilifi ikiwamo, yalikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Mpunga huathirika upesi, kwani mizizi yake mingi hutanda karibu na uso wa ardhi, ambako unyevu hutoweka kwanza.

Mwaka 2013 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yusaku Uga walieleza jeni iitwayo DRO1, iliyopatikana katika Kinandang Patong, mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino. Jeni hiyo huielekeza mizizi chini badala ya kando. Walichavusha mpunga huo na IR64, aina mashuhuri yenye mizizi ya juujuu, na uzao uliorithi jeni hiyo ukaishinda IR64 kwa mavuno wakati wa ukame.

Alama za jeni zafanya kazi gani hapa? Ni vitambulisho tu. Mtaalamu hupima kipande cha jani la mche mchanga, akajua kama umerithi mizizi mirefu, pasipo kuung'oa wala kungoja ukame. Uchavushaji wenyewe ni ule ule wa jadi. Marufuku ya GMO iliyowekwa nchini mwaka 2012, ikaondolewa 2022 na kuzua kesi mahakamani, ilihusu jambo jingine.

Naam, mizizi mirefu haiumbi maji. Husaidia palipo na unyevu chini. Hata hivyo, mkulima wa Magarini anastahili kuelezwa haya kwa lugha anayoielewa. Neno "vinasaba" limetokana na nasaba, neno ambalo Mswahili yeyote wa Malindi analijua. Walimu wa Kiswahili na wa sayansi waketi pamoja, nao wanafunzi wakitembelee kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, waulize, kisha waeleze nyumbani. Mkulima ana haki ya kuikataa mbegu, mradi ajue anachokikataa.