Mpaka wa kasuku wawili: kumsoma Wallace kutoka Singida

Mkulima wa uwele mkoani Singida anawajua vizuri kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Wanakuja kwa makundi yenye kelele, wanatua juu ya masuke, na watoto wanatumwa shambani na makopo na kombeo kuwafukuza. Ukiteremka Ugogo unakutana na kasuku mwenye umbo lile lile, kelele zile zile na duara lile lile jeupe, ila kichwa chake ni cheusi na shingo imezungushiwa manjano. Wa Singida kitaalamu ni Agapornis fischeri, kwa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zanzibar kabla ya kuzunguka bara. Wa Ugogo ni Agapornis personatus. Wote wawili walielezwa rasmi mwaka mmoja, 1887, na mtaalamu mmoja wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow.

Kwa asili, kasuku wa kwanza anaishi kuanzia Serengeti na Usukuma hadi Nzega na Singida. Wa pili anaanzia upande wa Manyara, anapita Dodoma na kufika Iringa. Maeneo yao yanakaribiana bila kuingiliana. Reginald Moreau, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani kuanzia 1928 hadi 1946, aliwachunguza kasuku hawa na kueleza kwamba katikati yao upo msitu wa miombo, ambao hawaupendi hata kidogo. Waweke kwenye tundu moja, watazaana. Kule Naivasha, Kenya, walikoachiwa na watu, wamechanganyika hadi kuwatofautisha ni kazi. Kilichowatenga ni nchi yenyewe: miti ya aina fulani, udongo wa aina fulani, na muda mrefu sana.

Swali la kwa nini kiumbe fulani kipo hapa na hakipo pale lilikuwapo kabla ya Alfred Russel Wallace, lakini yeye ndiye aliyeligeuza kuwa sayansi kamili. Wengi wetu tulikutana na jina lake kidato cha sita, mstari mmoja chini ya Darwin, kama mtu aliyechelewa basi. Hiyo si haki kwake, na pia inatunyima njia yake ya kufikiri, ambayo naona inafaa zaidi kwa mtu wa Manyoni au Iramba kuliko vitabu vingi vya biolojia.

Alizaliwa Wales mwaka 1823 katika familia iliyofilisika. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne hivi, akaenda kupima ardhi pamoja na kaka yake. Mwaka 1848 alisafiri kwenda Amazoni kukusanya wadudu na ndege wa kuwauzia watu wa makumbusho, kwa maana hakuwa na baba tajiri wa kumlipia safari. Mwaka 1852, akirudi kwao, meli iliungua katikati ya Atlantiki na sehemu kubwa ya makusanyo yake ikateketea. Mtu mwingine angefungua duka. Yeye mwaka huo huo alisoma London makala fupi kuhusu tumbili wa Amazoni, akalalamikia jambo ambalo wenzake waliliona dogo: vibandiko vya vielelezo kwenye makumbusho viliandikwa tu Brazili au Peru. Ng'ambo ipi ya mto? Hakuna aliyejali. Wakati yeye alikuwa amegundua kwamba mto mkubwa ni ukuta, na tumbili wa ukingo huu anaweza kuwa spishi nyingine kabisa ng'ambo ya pili.

Kuanzia 1854 hadi 1862 alikuwa katika visiwa ambavyo leo ni Malaysia na Indonesia, akisaidiwa kwa sehemu kubwa na kijana wa Sarawak aliyeitwa Ali. Walikusanya vielelezo zaidi ya 125,000. Mwaka 1856 alivuka mlangobahari kati ya Bali na Lombok, kama kilomita 35 tu, akakuta ndege wamebadilika. Lombok kulikuwa na kasuku weupe wenye kishungi wa jamii ya Australia, Bali hakuwaona. Hali ya hewa ni ile ile, volkano ni zile zile. Tofauti iko chini ya maji: mlangobahari ule una kina kirefu, kwa hiyo hata bahari iliposhuka zama za barafu, visiwa vile viwili havikuunganika. Mstari huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Hoja yake ya msingi alikuwa ameichapisha mapema, 1855: kila spishi mpya hutokea mahali na wakati ambapo tayari ipo spishi nyingine ya jamaa yake wa karibu. Ukiwatazama kasuku wetu wawili, hoja hiyo inajieleza. Ndugu wanapakana. Hukuti mmoja Singida na mwenzake wa karibu kabisa akiwa Brazili.

Sasa tazama kalenda. Mwanzoni mwa 1858, akiwa na homa katika visiwa vya Maluku, Wallace aliandika insha ya uteuzi asilia na kumtumia Darwin. Ilisomwa London pamoja na maandishi ya Darwin tarehe 1 Julai 1858. Siku nane baadaye John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo watu wa huko hawakuhitaji kuoneshwa. Oktoba ya mwaka uliotangulia, yeye na Richard Burton, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, walikuwa wamevuka nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi. Nyika hiyo ndiyo Manyoni na Itigi ya leo. Kwa misafara ilikuwa sehemu ya kupitwa haraka: maji haba, miiba, chakula hakuna pa kununua. Speke alirudi mwishoni mwa 1860 akiwa na James Grant, aliyekusanya mimea njiani kwa bidii, na ambaye jina lake tunalitaja kila tunaposema swala granti, mnyama aliyemkuta Ugogo. Lakini hata Grant alikuwa na haraka. Laiti Wallace angekwama Itigi msimu mmoja kama alivyokwama visiwani!

Maana Itigi kuna kitu cha pekee. Abiria wa reli ya kati anapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Bahi hadi Saranda, anapita Manyoni, na baada ya hapo dirishani miti inafupika na kusongamana. Ni kichaka kizito cha mita tatu hadi tano, matawi yakiingiliana kiasi kwamba mtu hupita kwa kuinama, tena akifuata njia za tembo. Simama kwenye ukingo wake: mguu mmoja uko kwenye miombo yenye nyasi, mwingine kwenye kichaka kisicho na nyasi karibu kabisa. Mpaka unaweza kuwa mkali hivyo. Chimba, utakuta udongo wa kichanga laini, na chini yake tabaka gumu lililogandamana. Mvua, ambayo huku ni kati ya milimita 500 na 700 hivi kwa mwaka, huingia kwenye udongo huo na kushikiliwa. Kisha kunakuja kiangazi cha miezi sita au zaidi, na mimea inapukutisha majani yote. Kwa kuwa chini hakuna nyasi, moto unaotembea kwenye miombo kila mwaka ukifika hapa unakosa chakula na kufa. Kichaka kinajilinda kwa kivuli chake mwenyewe.

Mmea kama Baphia burttii, mmoja wa wenyeji wakuu wa vichaka hivi, umebeba jina la B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyetumikia idara ya utafiti wa mbung'o Tanganyika. Na hapa ndipo Wallace angekaa kitako: kichaka cha namna hii kinapatikana Itigi, halafu kinatokea tena mamia ya kilomita kusini-magharibi, Zambia, kati ya ziwa Mweru Wantipa na ziwa Tanganyika. Katikati, miombo. Ni visiwa viwili visivyo na bahari. Katika kitabu chake cha 1880 kuhusu maisha ya visiwani alisisitiza kwamba ili kueleza kiumbe kilichopo sehemu mbili zilizoachana, anza kwa kuuliza hali ya hewa na sura ya nchi zilikuwaje zamani, kabla ya kukimbilia miujiza. Kwa upande wa Zambia, sehemu kubwa ya kichaka hicho imeshafyekwa.

Maziwa ya Singida yanasimulia habari ile ile kwa samaki. Yupo perege anayeitwa Oreochromis amphimelas, anayepatikana katika maziwa yenye chumvi na magadi ya Tanzania: Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Ukiacha Kitangiri na Eyasi, maziwa haya hayana mto wa kuyaunganisha leo. Samaki hatembei. Jibu liko katika zama za mvua nyingi, maji yalipotapakaa bondeni na baadaye kurudi nyuma, kila ziwa likibaki na samaki wake. Kuleta perege wa kigeni kwenye ziwa la aina hiyo kwa nia njema ya kuongeza kitoweo ni sawa na kujaza mlangobahari wa Lombok kwa kifusi. Samaki hawa huzaana kwa urahisi na jamaa zao, na kilichotengwa kwa maelfu ya miaka huvurugika haraka.

Wallace hakuishia kwenye ramani. Mwaka 1867 Darwin alimwuliza kwa nini viwavi wengine wana rangi kali, ilhali viwavi hawachumbiani. Akajibu kwamba rangi ni onyo: ndege akionja mmoja mchungu, hatagusa wa pili. Kwetu mfano ni kicheche. Mnyama mdogo wa usiku, mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, anatembea bila haraka kana kwamba njia ni yake. Mbwa aliyewahi kunyunyiziwa harufu yake hahitaji somo la pili. Mwaka 1870 Wallace aliweka dau na mtu aliyeshikilia kwamba dunia ni bapa, akapima uviringo wake kwenye mfereji, akashinda, kisha akasumbuliwa kwa matusi na kesi kwa miaka. Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 84, aliandika kitabu kizima kupinga madai kwamba kuna mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili kwenye sayari ya Mirihi.

Huyu huyu aliamini mizimu inayogonga meza, na mwaka 1898 aliandika kwamba chanjo ya ndui ni udanganyifu. Wanaompenda hulipita jambo hili kimyakimya. Mimi naona linafundisha. Alikuwa amekusanya takwimu za vifo akiwa mezani kwake, akazisoma kwa hasira dhidi ya serikali iliyowalazimisha maskini kuchanjwa. Hasira ilikuwa na sababu, hesabu haikuwa nzuri. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ndui imetokomezwa, kwa chanjo. Alipofuata tabia yake ya kwenda mahali penyewe na kuangalia kitu kinaishia wapi, hakuna aliyemshinda. Alipoketi na kubishana kwa majedwali ya watu wengine, alikuwa mtu wa kawaida, tena mkaidi.

Kuhusu ardhi, alikuwa mahali penyewe. Akiwa kijana mpima, kazi yake huko Wales ilihusu pia maeneo ya malisho ya pamoja yaliyogawiwa wenye mali, na wafugaji wadogo wakabaki bila pa kuchungia. Miaka mingi baadaye aliuita mpango ule wizi. Mwaka 1881 akawa rais wa chama kilichodai ardhi iwe ya taifa, na mwaka 1882 akatoa kitabu. Pendekezo lake: thamani ya ardhi iliyotokana na maumbile na jamii iwe ya umma, anayeitumia alipe kodi ndogo kwa dola, na kile alichoongeza kwa jasho lake, nyumba, ua, miti ya matunda, kiwe mali yake ya kuuza au kurithisha.

Mtanzania akisoma hayo lazima atabasamu. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuruhusu ardhi imilikiwe moja kwa moja na watu binafsi, Nyerere alipinga katika andiko lake Mali ya Taifa, kwa hoja kwamba binadamu hakuiumba ardhi, na kilicho chake ni alichokiongeza. Sidai kwamba mmoja alimsoma mwenzake. Watu wawili walioona malisho ya pamoja yakiwekewa uzio, au yakikaribia kuwekewa, wanaweza kufika pamoja kwa njia tofauti. Sheria za ardhi za 1999 zinaendelea kusema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, ingawa zimekubali pia kwamba haki ya kuitumia ina thamani yake.

Ugumu unaanza pale mthamini anapofika Manyoni. Anahesabu nyumba, kisima, miembe, na mikorosho ambayo miaka hii inapandwa kwa wingi. Kila kimoja kina aliyekitolea jasho, kwa hiyo kina bei na jina. Kichaka cha Itigi hakikupandwa na mtu. Kwa hesabu ya Wallace, hicho ndicho kilicho cha umma kuliko vyote, na kwa hesabu hiyo hiyo hakuna mwanakijiji anayelipwa kwa kukiacha kisimame. Mkorosho wa miaka mitatu una nafasi yake kwenye fomu ya fidia. Baphia burttii haina.